Kuvunjiwa Barafu hadi Gati la Kemi: Nyota Nne, na ya Tano Ilipopotelea

Huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi kwenye Ghuba ya Bothnia, kati ya Ufini na Uswidi. Mimi ni afisa wa pili kwenye meli ya shehena ya tani 7,000 hivi. Tunapanda kaskazini na makontena na mizigo mchanganyiko, tunashuka na roli za chuma kisichoshika kutu kutoka Tornio au marobota ya nyuzi za mbao kutoka Kemi. Naandika kwa ajili ya baharia mwenzangu aliyeletewa mkataba wenye majina ya Kemi, Oulu, Raahe au Luleå kati ya Januari na Aprili, akabaki kujiuliza nini hasa kinamngoja huko.

Maoni haya hayahusu meli moja wala kampuni moja. Yanahusu huduma nzima ya kuvunjiwa barafu, kuanzia unapopita mlango wa Kvarken, pale ghuba inapobanwa kati ya Vaasa na Umeå, mpaka amari ya kwanza, ile kamba nene ya kufungia meli, inapovishwa kwenye nguzo ya gati. Niseme mapema ninakoelekea: kule baharini sijawahi kuhudumiwa vizuri namna hii mahali pengine popote. Nyota niliyoikata nimeikata kwenye mita 200 za mwisho.

Nianze na bei, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kila mara. Hakuna ankara. Vunjabarafu ikija kukunasua, ikakuongoza usiku kucha, ikakuvuta kwa waya maili 20, humlipi mtu chochote kwa kazi hiyo. Gharama inatoka kwenye ada ya njia za meli, ambayo meli za biashara zinazoingia bandari za Ufini hulipa majira yote, hata ile inayokuja Julai bahari ikiwa shwari na jua likichelewa kuzama. Meli yenye daraja kubwa la barafu inatozwa ada ndogo zaidi, kwa hiyo mwenye meli aliyegharamia chuma kinene na injini yenye nguvu anapata ahueni mwaka mzima. Naupenda mpango huu kwa sababu moja kubwa: unamwondolea nahodha ule mtihani mbaya wa kujiuliza saa nane usiku, meli imekwama, kama aite msaada au aiokolee ofisi pesa. Anaita tu, bila kupiga hesabu.

Ila huduma ya bure ina mlango wake, na funguo yake ni daraja la barafu. Ufini na Uswidi wana kanuni moja ya pamoja: IA Super iko juu kabisa, kisha IA, IB na IC. Yetu ni IA, maana yake injini lazima iweze kutusukuma kwa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ndani ya mfereji uliopasuliwa kwenye barafu na kujaa chenga za barafu zenye unene wa mita 1. Baridi inavyozidi, masharti ya kila bandari yanakazwa. Mwanzoni mwa msimu IC inapita, baadaye inatakiwa IB, na ikifika katikati ya baridi bandari za juu kabisa zinadai IA pamoja na uwezo wa kubeba usiopungua tani 2,000, na mara nyingine 4,000. Ukiwa chini ya kiwango hicho vunjabarafu haitakuja kwa ajili yako.

Hilo nililijua kwa uchungu. Kabla ya meli hii nilikuwa kwa mwajiri mwingine, kwenye meli ya IC. Tulipakia mzigo wa kwenda kaskazini siku chache baada ya tangazo la masharti mapya kutoka, na ofisini hakuna aliyekuwa amelisoma. Tulipofika kwenye ukingo wa barafu tukaambiwa kwa upole kwamba hatumo. Tukageuza, mzigo ukashushwa bandari ya kusini, ukamalizia safari kwa malori. Matangazo yale hutolewa siku kadhaa kabla na yako wazi kwa yeyote. Kama wewe ni afisa, usiiachie ofisi peke yake kazi ya kuyasoma.

Namna ya kuomba huduma ni nyepesi. Ukiwa unaingia ghuba unaripoti kwa redio kwa ICEINFO, kituo kinachopokea taarifa za meli wakati wa barafu, unataja bandari unayokwenda na saa unayotarajia kufika, kisha unapewa pointi za kupitia. Zifuate kama zilivyo, hata zikikuzungusha. Safari moja ya Kemi tulipewa njia iliyotupeleka karibu na pwani ya Uswidi kwanza, na nahodha wetu mpya alinung'unika kwamba tunaongezewa maili bure. Lakini upepo wa magharibi ulikuwa umevuma siku mbili, ukaisukuma barafu yote upande wa Ufini na kuacha ukanda wa maji wazi kando ya Uswidi. Tulikwenda noti 12 kwenye maji meusi huku kwenye rada tukiiona barafu imelala kama ukuta mashariki yetu. Aliyetupangia ile njia alikuwa na picha ya ghuba nzima mbele yake. Vunjabarafu za Ufini na za Uswidi zinatumia mfumo mmoja wa taarifa, kila upande unaona kila meli iko wapi na inaelekea wapi, na anayekuja kukusaidia ni yule aliye karibu. Mwaka jana tulikuwa tunakwenda bandari ya Ufini, aliyetunasua alikuwa Ymer wa Uswidi. Hakuna aliyeulizana bendera.

Kuhusu kungoja: lengo la Ufini ni kwamba wastani wa kungoja msaada usizidi saa 4. Kwangu mimi, katika misimu mitatu, kungoja kurefu kabisa kulikuwa saa 7, siku ya dhoruba, tukiwa meli sita kwenye foleni. Safari nyingi hatukungoja kabisa.

Sasa niwaeleze usiku mmoja wa Februari, kwa sababu huduma hii huwezi kuipima ukiwa unapita tu kwenye mfereji laini.

Upepo wa kusini-magharibi ulikuwa kwenye siku yake ya pili. Baridi haikuwa kali, nyuzi 6 tu chini ya sifuri, theluji ikipiga kioo cha chumba cha usukani kwa ubavu. Kwenye ghuba hii upepo huo ndio adui kuliko hata baridi yenyewe. Unaikokota barafu yote na kuirundika kwenye kona ya kaskazini-mashariki, kona ile ile zilipo Kemi na Oulu, na ikishabanwa haina pa kwenda. Sahani moja inapanda juu ya nyingine, nyingine zinazamishwa, linazaliwa tuta. Juu unaona kifusi cha kimo cha mtu. Chini ya maji tuta hilo hilo linaweza kushuka mita 10 na zaidi, na sisi tulikuwa na mzamo wa mita 6 na nusu.

Mlio ndio uliobadilika kwanza. Barafu ya kawaida ikipita ubavuni inasikika kama changarawe inayoburutwa kwenye bati. Kwenye tuta mlio unakuwa mzito, wa kukoroma, unaupata kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Noti 7, noti 4, noti 1 na nusu. Halafu kimya, isipokuwa injini. Mfereji tuliokuwa tumeuacha nyuma ulikuwa umeshajifunga. Nilitoka nje na taa nikaona chenga zimebanana mpaka kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, kama vile hatukuwahi kupita pale. Nahodha akaacha rafadha, lile panga linalosukuma meli, izunguke polepole mbele ili maji yaendelee kuosha usukani usishikwe. Mhandisi wa pili akapiga simu kutoka chini: uji wa barafu ulikuwa umeingia kwenye tundu la kuvutia maji ya bahari, na joto la maji ya kupoza injini linapanda. Meli za daraja la barafu zina mpango wa kurudisha maji yaliyokwisha kupata moto kwenye tundu hilo ili kuyeyusha uji. Akafungua vali, na baada ya dakika kumi hivi joto likaanza kurudi. Niliwaza siku ile ingekuwaje kwenye ile meli yangu ya zamani.

Otso alifika baada ya dakika 50. Huyu ni vunjabarafu wa mwaka 1986, ndugu yake Kontio ni wa 1987, na majina yote mawili ni majina ya zamani ya dubu kwa Kifini. Ana megawati 15 za kusukuma, mkanda wa chuma kisichoshika kutu pale barafu inapomsugua, na mfumo wa kupuliza hewa kutoka ubavuni chini ya maji ili barafu isimng'ang'anie. Uzee wake hauonekani popote ukimtazama akifanya kazi. Alitokea kwenye theluji, taa zake zikiwa kama mtaa mzima unaotembea, akatupita ubavuni kwa umbali ambao bandarini ungeniamsha nikiwa usingizini. Mita 30, pengine pungufu. Alipofika usawa wa omo letu, yaani mbele ya meli, barafu iliyokuwa imetubana ikaachia, na meli yetu ikashuka kidogo, kama mtu aliyefunguliwa mshipi baada ya kushiba. Afisa wa zamu wa Otso akasema redioni, kwa sauti ya mtu anayezungumza sebuleni kwake: sogeeni mbele, nifuateni, msikae mbali, na mwangalie mlingoti wangu.

Mlingoti ndio jambo la kwanza ninalomfundisha kadeti. Vunjabarafu ina taa mbili nyekundu, moja juu ya nyingine. Zikiwaka maana yake amesimama ghafla, na wewe nyuma yake una sekunde chache za kurudisha injini kinyume. Kwenye barafu huwezi kumkwepa kwa kupinda, mfereji ni mwembamba na kingo zake ni ngumu. Usiku ule nilisimama nimeukazia macho mlingoti ule mpaka yakaniuma.

Tulimfuata maili nne, kisha msukumo wa barafu ukazidi, mfereji ukawa unajifunga kati yetu naye. Akaamua kutuvuta. Tezi ya Otso ina mwanya wa umbo la V uliozungushiwa mipira mizito, na omo la meli inayovutwa linaingia humo mpaka meli mbili zinakuwa kitu kimoja. Nilikuwa mbele na serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, na mabaharia wawili. Kule chini, kwenye sitaha ya Otso, alisimama mtu mmoja mwenye ovaroli ya rangi ya machungwa, taa ya mkononi ameilenga kwenye pengo lililobaki kati ya chuma chetu na mipira yao. Mkono wake mwingine aliuinua juu tuuone: vidole vitatu, mita tatu. Viwili. Akakaa kwenye viwili muda mrefu, akimngoja nahodha wake apunguze kidogo. Kimoja. Halafu ngumi, na tukagusana kwa mtikisiko ambao haukumwaga hata kikombe cha chai jikoni. Waya ukapandishwa kwa kamba nyembamba, ukapitishwa kwenye tundu la omoni, ukafungwa. Kutoka hapo tulikwenda noti 8 kwenye barafu ambayo saa moja kabla ilikuwa imetushinda kabisa. Serahangi wetu, mtu aliyekaa baharini miaka 30, alibaki ameegemea reli anatazama sahani za barafu zikiinuka na kupasuka pembeni, hasemi neno.

Hiyo ndiyo sababu ya nyota nne. Ningekuwa nazitoa kwa ile kazi ya baharini peke yake, zingekuwa tano bila kufikiri.

Na ni kazi yenye historia inayostahili heshima. Ufini ilipata vunjabarafu yake ya kwanza, Murtaja, mwaka 1890, ili Hanko kule kusini isifungwe wakati wa baridi. Ikachukua miaka 80 zaidi mpaka, msimu wa 1970–71, bandari za juu kama Kemi nazo zilipoanza kuwekwa wazi baridi nzima. Kabla ya hapo mbao na karatasi zilirundikwa zikingoja majira ya kuchipua, au zikasafirishwa kwa reli kwenda kusini. Kwa nchi ambayo karibu asilimia 90 ya mauzo yake ya nje hupita baharini, na ambayo kwenye baridi kali bandari zake zote zinaweza kuganda, huu ni uhai wa watu.

Haya, mita 200.

Vunjabarafu za serikali zinashughulikia bahari na njia kuu za meli. Ndani ya beseni la bandari ni jukumu la bandari yenyewe, na tagi, ile meli ndogo yenye nguvu ya kuvuta na kusukuma nyingine, hulipiwa. Hapo mikono inabadilishwa, na hapo ndipo ubora unapoanza kutegemea umefika wapi na siku gani.

Watu wengi, hata mabaharia, hawajui kwamba bandari yenye shughuli nyingi inatengeneza barafu nyingi kuliko ghuba tulivu iliyo jirani yake. Barafu ukiiacha itulie inajifunika yenyewe: ikishakuwa nene inazuia baridi isiyafikie maji, inakua taratibu. Ukiivunja unafunua maji, maji yanaganda kati ya vipande usiku huo huo, kesho yake meli nyingine inavunja tena, na mchana kutwa tagi inasaga. Ikifika Machi chenga zimerundikana kwa unene unaozidi barafu ya kawaida mara kadhaa. Zinasagana mpaka zinaviringika kama mawe ya mtoni, na haziondoki, kwa kuwa beseni limezungukwa na barafu iliyoshikamana na pwani. Ukizisukuma huku zinajaa kule.

Sasa lete meli ya mita 120 ubavu-ubavu hadi ukutani. Chenga zote zilizo kati ya ubavu na gati zinabanwa, na ikifika mahali hazibaniki tena. Meli inasimama mita mbili au tatu kutoka gatini. Kwa mtu aliye nchi kavu inaonekana imefika. Lakini amari hazikazi sawasawa, ngazi haifiki, na upepo ukigeuka meli inaanza kucheza.

Ajos, bandari ya Kemi, mara ya mwisho walinionyesha namna kazi hii inavyofanywa. Tagi ilikuwa imepita gatini muda mfupi kabla yetu, imelala sambamba na ukuta na kupiga maji ya rafadha zake kwa ubavu, inasukuma chenga nje. Rubani wa bandari akaleta omo kwanza kwa pembe, tukafunga amari moja ya kati, kisha injini mbele taratibu huku usukani ukiielekeza tezi nje kidogo, ili maji ya rafadha yetu wenyewe yaoshe ule mwanya. Chenga zikaanza kutoka kwa nyuma, moja moja, kisha kwa makundi. Tukasimama, tagi ikapita tena kuzikusanya, tukarudia. Saa moja na dakika kumi, na ubavu ukagusa mipira ya gati kuanzia omo hadi tezi. Nilimshukuru rubani kwa mkono, na nilitamani ningeweza kumfikia yule wa tagi.

Bandari nyingine ya ghuba hii hii, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa kinyume. Baridi kavu, nyuzi 26 chini ya sifuri, hakuna upepo, hali ambayo inapaswa kuwa rahisi. Wakala wa meli alikuwa ametuandikia kwamba gati liko tayari. Gati halikuwa tayari. Tagi pekee ilikuwa imepelekwa kwenye meli nyingine upande wa pili wa bandari, na hakuna aliyekuwa amesugua ukuta.

Ukuta huo ndio uliotuponza. Kwenye ghuba hii hakuna bamvua wala maji mafu kama tunavyoyajua. Maji yanapanda na kushuka kwa upepo na mgandamizo wa hewa, na tofauti inaweza kuzidi mita 1 kwa muda wa siku chache. Kila maji yanapopanda yanaacha tabaka la barafu ukutani, na matabaka yakijumlishana inakuwa rafu nene inayotokeza mbele ya mipira. Bandari makini hutuma ekskaveta kuikwangua. Pale ilikuwa imeachwa mpaka imekuwa ngumu kama zege.

Tulijaribu ile mbinu ya amari ya kati bila tagi. Mara ya tatu amari ikakatika. Baharia aliyekuwa karibu na winchi alikuwa amesimama mahali sahihi, nyuma ya mstari, kwa sababu serahangi alimfokea dakika mbili kabla asogee. Ncha ya kamba ilipiga reli pale alipokuwa amesimama mwanzo. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa na bado mkono unanitetemeka. Kijana yule ana umri wa miaka 22.

Saa 5 na dakika 20. Huo ndio muda uliotumika kutoka kufika mbele ya gati mpaka kufungwa. Safari nzima, kutoka Kvarken, tulikuwa tumemngoja vunjabarafu kwa saa 1 na dakika 50 tu. Wapakiaji waliotungoja walimaliza zamu yao wakaenda nyumbani, na kreni ikaanza kazi asubuhi. Kwenye ripoti za huduma ya barafu safari yetu itasomeka kama safari nzuri isiyo na doa, kwa kuwa kinachopimwa ni kungoja baharini. Yale masaa matano hayamo.

Kuna wanaosema dawa ni mabomba ya hewa. Nimeyaona yakifanya kazi na yana maana yake, ila si kila mahali. Bomba lenye matundu linalazwa chini ya gati, hewa inapulizwa, viputo vinapanda na kuburuta maji ya chini kuja juu. Maji ya ghuba hii yana chumvi kidogo mno, karibu na maji ya mto, na maji ya namna hiyo huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 3 hadi 4, kwa hiyo yale yenye joto kidogo yanalala chini na yakipandishwa yanachelewesha kuganda. Lakini hayo ni sawa na akiba ya benki. Kwenye beseni lenye kina kifupi, ambako rafadha za meli zinakoroga maji kutwa, akiba imeisha kabla ya Februari na viputo vinaleta juu maji ya baridi ile ile. Penye kiwanda kinachotoa maji ya uvuguvugu hali ni nafuu. Kwingine hakuna mbadala wa tagi yenye nguvu, mtu anayejua kuitumia, na ratiba inayoijua saa ya meli kufika.

Wapo pia watakaouliza kwa nini kuhangaika hivi wakati Narvik ya Norwe, iliyo kaskazini zaidi ya Kemi, haigandi. Ni kweli, na Murmansk ya Urusi vilevile: maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki yanafika mpaka huko. Madini ya chuma ya Kiruna, Uswidi, yanakwenda Narvik kwa reli, na maji yasiyoganda ni sababu mojawapo. Ila huwezi kuhamisha kiwanda cha Tornio. Kiwanda kiko pale kwa sababu mgodi wa kromiamu uko jirani, na meli lazima ikifuate.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni meli zinazokuja. Kanuni mpya za kupunguza matumizi ya mafuta zinawasukuma wenye meli kuweka injini ndogo. Nia yake ni njema, lakini kwenye chenga za mita moja, meli yenye injini ndogo inahitaji kusaidiwa mara nyingi zaidi, na gatini haina nguvu ya kujioshea mwanya. Vunjabarafu mpya kama Polaris ya mwaka 2016, inayoweza kutumia gesi asilia na yenye rafadha tatu zinazozunguka pande zote, zitabeba mzigo huo huko nje. Kwenye beseni sijaona maandalizi ya kiasi hicho.

Kwa hiyo, ukipangiwa huku: barua pepe ya wakala inayosema gati liko tayari isikutoshe. Muulize maswali matatu kwa maandishi, siku moja kabla ya kumchukua rubani. Tagi ipi, na itakuwa kwetu saa ngapi? Ukuta umekwanguliwa lini? Meli ya mwisho kwenye gati lile iliondoka lini? Swali la tatu ndilo lenye jibu la kweli zaidi. Gati lililokaa tupu siku nne kwenye baridi ya nyuzi 26 lina kazi ya saa nyingi, haijalishi nani amekuandikia nini. Sisi sasa tunayatuma kila safari, nahodha anasaini, na mara mbili tumeombwa tupunguze mwendo njiani kwa saa kadhaa ili tagi imalize. Tulipunguza kwa furaha. Safari zote mbili tulifunga chini ya saa moja na nusu.

Tunarudi Kemi wiki ijayo, chati ya barafu inaonyesha sentimita 60 hadi 70 kwenye njia ya kuingilia, na amari mpya ya kati imeshafika, serahangi ameikunjua sitahani jana mchana akaipitia yote kwa mikono, hatua kwa hatua.